Sauti ya Komeo Nyuma ya Goli

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa keki, hotuba na saa ya ukutani. Keki ilikuwa tamu, hotuba ilikuwa fupi, na saa inagonga. Mtu aliyekula mkate wake kwa masikio hapewi saa inayogonga, lakini najua ilinunuliwa kwa mapenzi, kwa hivyo nimeitundika na kuitoa betri. Mke wangu Raya anasema sasa humu ndani tuna wastaafu wawili.

Nyinyi vijana mliobaki kwenye gari la matangazo mmenitaka niandike jinsi nilivyofanya kazi ya sauti katika viwanja vya mpira hapa Maskati. Najua mnataka khabari za vyombo. Nitazitoa. Lakini siwezi kuzitoa bila ya kumtaja beki mmoja, Nassor, ambaye uwanja mzima ulimwita Komeo, kwa sababu hakuna chombo kilichonifundisha kusikia kuliko koo la mtu yule. Na mwaka huu, hata sijazoea kulala mchana, imenibidi nikae na wazee wenzangu tubishane kama anastahiki kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa klabu yake. Basi mtanivumilia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havikunijia kwa wingi, na mishahara imeshaliwa.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba mwenye Kiarabu cha kuungaunga. Wazee wangu walituleta kutoka Unguja nikiwa mtoto, na nyumbani tulisema Kiswahili tu, kwa hivyo kila nilipofungua mdomo mtaani watu walitabasamu. Kazi ya sauti haitaki maneno mengi, na nadhani ndiyo maana niliipenda. Walinichukua kuvuta waya. Mkuu wa sauti alikuwa mwanamke, Bi Thuraya, Mzanzibari mwenzetu, mfupi, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Siku ya kwanza hakunikaribisha hata kiti. Aliniambia nifumbe macho nimwambie nani anapita nje ya mlango.

"Mwanamme," nikasema. "Mtu mzima."

"Hilo hata kiziwi analijua. Kavaa nini?"

"Ndara."

"Mguu gani unamuuma?"

Sikujua. Akaniambia nirudi nitakapojua. Ilinichukua siku nyingi kung'amua kuwa mpishi wetu wa chai alikuwa akiuburuta mguu wa kushoto, na siku niliyomjibu Bi Thuraya ndiyo siku aliyonikabidhi mikrofoni.

Ilikuwa ile ndefu, iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo. Watoto wa uwanjani waliiita paka, na mimi nikaiita hivyo mpaka nastaafu. Mechi yangu ya kwanza nilikaa kwenye kigoda nyuma ya goli, nikamwelekeza paka wangu jukwaani, kwa sababu nilidhani sauti ya mpira ni watu. Ngoma zilikuwepo, nyimbo zilikuwepo, matusi kidogo yalikuwepo. Nikarudi kwenye gari natembea kifua mbele. Bi Thuraya alivua visikizio akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, umeniletea soko. Mpira uko wapi?"

"Mpira ulikuwa uwanjani, Bi Thuraya."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Alinifundisha kuanza na mguu. Ukishausikia mguu ukigonga mpira, waache watu wapige kelele watakavyo, watakaa mahali pao wenyewe. Akaniamrisha jambo jingine ambalo wenzangu waliliona ni adhabu: kila mechi niirekodi ile mikrofoni ya nyuma ya goli kwenye kaseti yangu, peke yake, bila ya mtangazaji, kisha niisikilize garini ninaporudi nyumbani. "Kazi yako uisikilize una njaa na umechoka," alisema. "Ukiistahamilia hivyo, basi mtu alieshiba sebuleni kwake ataipenda." Gari yangu ya wakati ule haikuwa na kiyoyozi. Niliendesha madirisha wazi, kanzu imenigandia mgongoni, nikisikiliza kosa langu moja baada ya jingine. Kaseti zile nilizihifadhi kabatini majlis, chumba chetu cha wageni, kwa sababu joto la Maskati halina urafiki na kaseti, na kiyoyozi cha majlis ndicho kilichokuwa kizuri. Raya amenilalamikia tangu tuoane. "Nyumba hii kaseti zinapata baridi kuliko watu," husema.

Haya, vyombo. Waya ukunjeni mkunjo mmoja juu, mmoja chini. Mkiukunja upande mmoja tu utajisokota siku mtakapouhitaji kwa haraka. Betri iwe mpya kila mechi, hata kama ya jana inaapa kuwa bado ina nguvu. Wakati wa kiangazi unyevu wa baharini huingia kwenye mikrofoni ikaanza kutafuna maneno, kwa hivyo paka akae ndani ya mfuko wake mpaka refa anapotoka na mpira. Na chai haiwekwi juu ya meza ya sauti. Hili nimelisema tangu wengine wenu mko skuli, na mpaka naondoka nilikuwa naona alama za vikombe.

Sasa Komeo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli, visikizio masikioni, nikasikia kwa ukali kabisa: "Mgeni jikoni! Mgeni jikoni!" Nikageuka kutazama nyuma yangu. Mimi ni mtoto wa nyumba ambayo maneno hayo yangewainua watu wote kutafuta vikombe. Nyuma hapakuwa na mtu. Nilipoangalia mbele nikamwona beki mrefu, soksi zimeshuka, anamwonyesha mwenzake mshambuliaji aliyeachwa peke yake mbele ya goli. Mwenzake akamfuata, mpira ukaja, wakauondosha, na mchezo ukaendelea. Jukwaani hakuna aliyepiga makofi. Kwa watu wa jukwaani hakukuwa na lililotokea.

Ilinibidi niisikilize ile kaseti mara nyingi ndipo nikaielewa nyumba yake. Mlango ulikuwa upande wa kulia wa uwanja, dirisha upande wa kushoto. Jikoni ni mbele ya goli lao, barazani ni katikati. Mgeni ni mshambuliaji asiye na wa kumkaba. Na "pandeni" ilikuwa amri ya mabeki wote kusogea mbele kwa pamoja, ghafla, ili mshambuliaji abaki nyuma yao na refa apulize kuwa kaotea. Mabeki wote wa timu ile na kipa wao walikuwa watoto wa nyumba za Kiswahili, na Komeo aliwapanga kwa lugha hiyo ili timu nyingine zisifahamu. Kocha wao, mtu wa Ulaya, naye hakufahamu neno, lakini alifahamu kuwa magoli hayaingii, akanyamaza. Komeo alizungumza mchezo mzima. Hakupumzika hata mpira ulipokuwa upande wa pili. Nami nikajifunza kumfuata kwa masikio, nikawa najua shambulizi linakuja kabla mtangazaji hajavuta pumzi.

Tulijuana siku aliyouondosha mpira kwa hasira ukampiga paka wangu ukamvunja shingo. Baada ya mechi akaja na jasho lake kuniomba radhi kwa Kiarabu. Nikamjibu kwa Kiswahili kuwa hapana neno.

"Hee! Kumbe wetu! Kwenu wapi?"

"Malindi ya Unguja."

"Mama yako nani?"

Mnajua wenyewe tulivyo. Kabla ya Magharibi kuadhiniwa tulikuwa tumeshawapitia wazee wote, tukagundua kuwa kwa hesabu za kikwetu mimi ni mjomba wake, ingawa kanipita umri na kimo. Tangu siku hiyo akaniita Mjomba mbele za watu, kwa sauti yake ile, mpaka marefa wakaniita Mjomba.

Kwenye gari si wote waliompenda. Mtangazaji alilalamika kuwa kuna mtu anamwingilia. Watazamaji walipiga simu kuuliza nani anayeita wageni jikoni katikati ya mpira. Muongozaji alikuwa akiniambia masikioni, "Seif, mshushe huyo mtu!" Nami nilimshusha, kwa sababu gari ni lake. Kwenye kaseti yangu sikumshusha. Wapigapicha wetu nao walikuwa mahodari, na mpigapicha hodari huufuata mpira. Kwa hivyo Komeo hakuonekana sana hewani, wala hakusikika.

Kisha ikaja nusu fainali ya kombe, na timu iliyokuja ilitoka upande wa Ibra. Nyinyi mnacheka tayari. Mtoto wa Maskati aliyefikiri Kiswahili ni siri mbele ya watu wa Ibra alikuwa anataka kujipa moyo tu, maana huko nyumba kwa nyumba watu wana jamaa zao waliorudi kutoka pwani ya Afrika. Mpira ukiwa barazani, Komeo akaita, "Pandeni!" Mabeki wakapanda kama mtu mmoja. Mshambuliaji wa Ibra naye akapanda nao, taratibu, kama aliyealikwa. Mpira ulipopigwa kupita juu yao akageuka akakimbia, hajaotea hata kidogo, akafunga. Alinipita mbele ya kigoda changu akamgeukia Komeo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Mgeni keshakula. Ahsanteni!"

Timu ya Komeo ilitolewa kwa goli hilo moja. Mjini ikawa ni kichekesho kwa muda mrefu: mdomo uliponza kichwa, watu walisema. Yahya, mshambuliaji wao, alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo siku ile, na hakupata tena kuikaribia fainali. Mimi kwenye gari nilisikiliza kaseti nikaligundua jambo. Baada ya lile goli, Komeo alinyamaza kidogo, halafu akaanza tena, na nyumba kaigeuza: mlango kaufanya dirisha, dirisha kalifanya mlango, na wenzake wakamfuata bila ya kuuliza. Watu wa Ibra walikuwa wakikimbilia upande usio na kitu. Halikuingia goli jingine. Nilizunguka na gari mtaani kwetu nikairudia sehemu ile, na njaa yangu yote nikaisahau.

Miaka ikapita. Komeo akaacha mpira akaingia ofisi ya serikali. Bi Thuraya alistaafu, kisha akatutoka, Mungu amrehemu. Mpaka mwisho, kila aliponipigia simu baada ya mechi, hakuniuliza hali. Aliuliza, "Mguu umeupata?" Kaseti zikaondoka, kompyuta zikaja, meza ya sauti ikawa na vitufe ambavyo hata sasa sijui vyote ni vya nini. Nilivijua nilivyovihitaji, na sauti yangu ilikuwa safi. Hilo nalisema bila ya kuona haya. Aliyekaa nyumbani kwake Hail akausikia mpira ukigonga mwamba wa goli mpaka akashika kichwa, alikuwa anaisikia kazi yangu.

Nilipostaafu tu, klabu ya Komeo iliniita. Wametenga chumba kimoja pale klabuni wakakiita Ukumbi wa Heshima, na ukutani nafasi ya picha iliyobaki ilikuwa moja. Kamati ilikuwa ya wachezaji wa zamani, nami nikatiwa kwa sababu nilikuwepo kwenye mechi zao zote, tena nina gari na sina kazi. Tulikutana kwa Yahya, Bawshar, kwenye majlis yake kubwa. Yahya sasa ni mfanyabiashara, mtu mkarimu, na sahani ya halwa aliiweka katikati imefunikwa. "Haifunuliwi mpaka tukubaliane," alisema.

Khamis, aliyekuwa beki wa kulia, mtu wa goti bovu na ulimi mzima, ndiye aliyelitaja jina la Komeo. "Mcheza kwao hutunzwa," alisema.

"Hutunzwa aliecheza," Yahya akamjibu. "Huyu alikuwa akipiga kelele. Hakufunga goli hata moja, na nusu fainali katutoa kwa mdomo wake."

"Na wewe siku ile ulifunga mangapi, yakhe?"

Watu wakacheka, Yahya hakucheka. "Kila anaeingia Ukumbini tunamtengenezea filamu ya kuoneshwa kwenye hafla. Nimezitazama picha zote zilizobaki. Komeo anapeana mkono na refa, basi. Na lile goli."

"Kamera inafuata mpira," nikasema. "Alipokuwepo yeye mpira hauji, kwa sababu njia keshaifunga."

"Seif, nnakuheshimu. Lakini siwezi kumpa mtu heshima kwa mambo ambayo hayakutokea."

Tuliagana bila ya halwa.

Siku ya pili nikaenda Hail kumwona mwenyewe. Hamjui pengine kuwa Komeo alipatwa na maradhi ya koo. Madaktari walimwokoa yeye, sauti hawakuweza kuiokoa. Kilichobaki ni mnong'ono, na mimi, mwenye masikio haya, ilinibidi niinamishe kichwa nimsikie.

"Wanasemaje, Mjomba?"

"Wanasema huonekani kwenye picha."

Mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Kweli. Nlikuwa kazini."

Mjukuu wake, Salma, mtoto wa skuli, akaingia na sahani ya katlesi, akamsogelea sikioni akamnong'oneza kuwa chai inakuja. Akaninong'oneza na mimi nikaribie. Mtoto mwenye koo zima, anayezungumza na babu yake kwa pumzi tu.

"Wote hunisemesha hivi," Komeo alisema mtoto alipotoka. "Wanadhani nlizaliwa hivi. Hawajapata kunisikia, Mjomba, hata mmoja."

Iliniuma, siwafichi. Nikamwambia nina kaseti zake zote, nitamletea hapa hapa chumbani awapigie. Akatikisa kichwa.

"Hapa watasikia mzee kwenye redio anagombeza watu. Mie nataka wawaone waliokuwa wakinisikiliza." Akapumzika kidogo. "Tena wanapungua. Mbarak keshakwenda."

Mbarak alikuwa kipa wao. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuniomba kitu, si mtu wa kuomba. Lakini nilielewa. Nafasi ile moja ikijazwa na mwengine, hakutakuwa na hafla yake wala watu wale kukutana tena kwa ajili yake, na watoto wale watakua wakimjua babu yao kwa mnong'ono. Nikarudi nyumbani nikafungua kabati. Raya akaniuliza kama hatimaye nazitupa. Aliponiona uso akaenda kuniletea mifuko.

Kaseti nilizipeleka mtaa wa Ghala, kwenye karakana ya Achieng. Wengi mnamjua, binti wa Kisumu aliyevuta waya nami miaka yangu ya mwisho, hodari, na hana mchezo na alama za vikombe. Alizitia kwenye kompyuta moja moja. Nilipokwenda kuzifuata nilimkuta kavaa visikizio, anacheka peke yake.

"Mzee Seif, hizi kaseti ziko poa kuliko venye nilikuwa nafikiria. Ni moja tu imekwama. Lakini niambie, huyu ni nani anaitaita wageni jikoni? Hii ni mechi ama ni harusi?"

"Ni beki."

"Beki? Si amewapanga wote! Nimefunga macho, nikaona uwanja wote." Akavua visikizio. "Sasa utawaonyesha nini hao wazee? Picha hakuna."

"Hakuna."

"Basi wazimie TV, wasikie. Khalas."

Alisema kile kile ambacho Bi Thuraya angesema, kwa maneno machache zaidi. Nikachagua mechi isiyokumbukwa na mtu, iliyokwisha bila ya goli upande wowote. Sikutaka ushindi wala nusu fainali. Nilitaka siku ya kazi ya kawaida.

Tulipokutana tena kwa Yahya niliweka spika mbili, moja kila pembe ya majlis, nikazima televisheni yake kubwa. Hakupenda, lakini mwenye nyumba akishakukaribisha huwa keshajifunga. Khamis na aliyekuwa beki wa kushoto walikaa mbele kwenye zulia, Yahya nyuma yao kaegemea mto. Nikawaomba wanyamaze tu, nikaiachia.

Mguu ulianza kusikika, kisha mluzi, kisha yeye. Sijui niwaeleze vipi. Koo lile zima, lenye nguvu, lilijaa chumba. Alimwita Mbarak atoke, akamwita arudi. "Khamis, dirisha wazi! Sogea kulia kwako, kulia!" Khamis akatazama chini. "Yahya, baki huko huko, usirudi! Nnae mimi!" Nikamwona Yahya kainua kichwa. Ikaja tena baada ya muda: "Yahya, pumzika! Nnae!" Na tena. Mchezo mzima, kila mpira ulipopotea barazani, alikuwa akimwambia mshambuliaji wake asirudi kusaidia, abaki mbele na pumzi zake.

Halafu, bila ya kumwonya mtu, sauti ikapasuka: "Pandeni!"

Khamis, mwenye goti bovu, alitupwa mbele na mwili wake mwenyewe. Beki wa kushoto naye vile vile, wakati mmoja, wakatua kwa magoti katikati ya zulia, na vikombe vya kahawa vikamwagika. Wakaangaliana, watu wazima wenye ndevu nyeupe, hawajui wamefikaje pale. Nyuma yao alibaki Yahya peke yake, kaegemea mto wake.

Khamis akageuka taratibu akamtazama. "Umeotea, yakhe."

Tulicheka mpaka mfanyakazi wa Yahya akaja kutazama kuna nini. Yahya alicheka na sisi, kisha akaacha. Akaniomba nimrudishie pale alipoitwa jina. Nikamrudishia. Akaomba tena.

"Mimi nlikuwa nikidhani sirudi nyuma kwa sababu mimi ni nyota," alisema. Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Nusu fainali simsamehe, na hilo mliandike. Funueni halwa."

Hafla ilifanyika klabuni baada ya Magharibi. Nilikaa na wageni, mikono inaniwasha, kwa sababu meza ya sauti alikuwa nayo Achieng. Alipanga vizuri. Ningeshusha kidogo spika za kulia, lakini alipanga vizuri. Komeo alikaa mstari wa mbele na kanzu mpya, wajukuu wamemzunguka, Salma ubavuni pake. Lilipotajwa jina lake, kioo cha filamu kilibaki cheusi, na watu wakaanza kugunaguna wakidhani mitambo imeharibika. Kisha sauti ikatoka.

Wazee wote walinyanyua vichwa kwa pamoja. Wengine waliitika majina yao. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Salma alikunja uso, akamvuta babu yake mkono, na safari hii kwa mshangao alisahau kunong'ona.

"Babu, nani huyo anaegomba?"

Komeo akajigusa kifua. Midomo yake ilisema: "Mimi."

Salma akamtazama, akatazama spika, akamtazama tena. Akanyanyua mkono akamwekea kooni, akauacha pale, sauti ikiendelea kunguruma juu ya vichwa vyetu. Nilisikia fahari ambayo hakuna keki wala saa iliyowahi kunipa. Na nililia, nyinyi mliokuwepo mliniona.

Halwa ilipokuwa ikizungushwa, Salma alikuwa keshaanza kujifunza miito ya babu yake. Alisimama juu ya kiti, babu yake nyuma yake kainama sikioni kwake, na akajaribu: "Khamis, kulia kwako." Ilikuwa sauti ndogo, ya adabu. Nilikuwa karibu, nikamsikia Komeo akimnong'oneza.

"Paza. Khamis yuko mbali."

Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Khamis! Kulia kwako!"

Upande wa pili wa ukumbi, na sahani ya halwa mkononi, Khamis akasogea kulia.